Kugeza, Kurekebisha na Kuhakiki: Historia ya Istilahi za Kupimia Unene kwa Mwangwi

Madhumuni ya makala haya ni kufuatilia historia ya maneno machache ya upimaji, tangu lugha ya mabaharia na mafundi wa mwambao hadi lugha ya karakana za leo, na kuonyesha kwa nini mfasiri wa maelekezo ya vyombo hana budi kutenganisha vitenzi vitatu ambavyo siku hizi huchanganywa: kugeza, kurekebisha na kuhakiki. Mfano wetu mkuu ni chombo kidogo cha kupimia unene wa chuma kwa mwangwi wa sauti. Tumekichagua kwa sababu katika chombo hicho kosa la neno huzaa kosa la kipimo, na kosa la kipimo huweza kuzaa msiba.

Huenda msomaji akauliza: habari za chuma zamhusu nini mwalimu wa lugha, au karani wa wizara? Zamhusu sana. Kijitabu cha maelekezo huja katika lugha ya kigeni, naye mfasiri ndiye akitiaye katika Kiswahili. Mwanafunzi wa ufundi huyasikia maelekezo hayo kinywani mwa mwalimu. Cheti cha ukaguzi hutiwa saini na mtumishi wa serikali. Watu watatu hawa wakitumia neno moja kwa maana tatu, anayelipa ni yule afanyaye kazi kando ya boila.

Chombo na kazi yake

Boila, tangi la mafuta, bomba la maji na ubavu wa meli vyote hutengenezwa kwa feleji, na vyote huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Fundi mwenye kalipa au maikromita hupima kitu anachoweza kukibana pande zote mbili. Lakini tangi lililofungwa halina ukingo wa kubana. Zamani njia ilikuwa kulitoboa, kupima, kisha kuliziba.

Chombo tunachokisema kimeondoa haja ya kutoboa. Kichwa chake huwekwa upande mmoja tu wa bamba. Hutoa mtetemo usiosikika, kwa kawaida wa mara milioni 5 hivi kwa sekunde, ilhali sikio la mtu hukoma kwenye mara 20,000. Sauti hiyo hupenya feleji, hufika upande wa pili na kurudi kama mwangwi. Chombo huhesabu muda wa kwenda na kurudi, huuzidisha kwa mwendo wa sauti katika feleji, kisha hugawanya kwa mbili. Mwendo huo ni kama mita 5,900 kwa sekunde. Kwa hiyo bamba la milimita 10 hurudisha mwangwi kwa muda wa sehemu 3.4 hivi za milioni ya sekunde.

Elimu hii imejengwa na watu wa mataifa mengi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani hutoa umeme zikibanwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin alitumia tabia hiyo kutafuta nyambizi kwa mwangwi baharini. Mwaka 1928 Sergei Sokolov wa Urusi ya Kisovyeti alipendekeza sauti isiyosikika itumike kuchunguza kasoro ndani ya metali, na mwaka 1940 Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliomba hataza ya chombo cha kufanya hivyo kwa mwangwi. Baadaye transista zilipunguza mzigo, hata chombo kilichohitaji meza kikaingia katika kiganja.

Mahali pazuri pa kuyatazama maneno haya yakiwa kazini ni Arusha. Chuo cha Ufundi kilianzishwa huko mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani ya Magharibi. Tume ya Mionzi ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na nafasi yake kuchukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003, ilijenga mjini humo maabara ambamo vyombo vya kupimia mionzi hulinganishwa na viwango vinavyojulikana. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichofanya kazi tangu miaka ya 1970 hadi miaka ya 2000, kilikuwa cha aina ihitajiyo mvuke, kwani tairi huiva kwa joto na mgandamizo. Juu ya yote hayo, mabomba ya maji huteremka kutoka chemchemi za Mlima Meru, na matangi ya mafuta hupita mchana na usiku katika barabara ya Namanga na ya Moshi.

Katika kata ya Levolosi, katikati ya jiji, kipo kituo cha afya chenye jina la kata hiyo. Akina mama wa Levolosi, kama wenzao kwingineko nchini, husema wanakwenda “kupiga altrasaundi”. Sauti imuonyeshayo mkunga kichwa cha mtoto tumboni na sauti imuonyeshayo fundi unene wa tangi ni za jamaa moja. Lakini neno la mama limekwisha kupata makao, na la fundi bado linatangatanga.

Maneno ya kale

Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili kilikutana na upimaji wakati mashine zilipoingia. Kitenzi “kupima” kimezaa jina “pima”, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu iliyonyoshwa, na kwa pima hizo mabaharia walitaja kina cha maji. Walio nchi kavu walikuwa na shibiri na dhiraa kwa nguo, kibaba na pishi kwa nafaka, wakia, ratili na frasila kwa uzani. Vibaba vinne vilifanya pishi. Lakini pishi ya mahali pamoja haikulingana daima na pishi ya pengine, na wafanya biashara walilijua hilo kabla ya serikali yoyote kulitungia sheria.

Yapo maneno mawili ya wakati huo ambayo yanatuhusu hasa. La kwanza ni “bildi”, risasi iliyofungwa kamba na kushushwa baharini ili kujua kina. Nahodha hakukiona chini. Alipeleka kitu kikafika, akakisia kwa urefu wa kamba iliyokwenda. Chombo cha mwangwi hufanya kazi ya bildi ndani ya chuma, na badala ya kamba hutumia muda.

La pili ni “kigezo”, litokanalo na “kugeza”, yaani kufuatisha kitu kwa mfano wake. Fundi wa nguo hukata kwa kigezo, na mwalimu husahihisha mitihani kwa vigezo. Msingi wa maana ni mmoja: kipo kitu kinachoaminiwa, na kipo kingine kinachowekwa kando yake ili kionekane kimelingana au kimepotoka.

Mafundi ujenzi nao wametuwekea ushahidi. Wanalo timazi la kunyoshea ukuta na pimamaji la kulaza msingi. Mwashi hodari hamwamini pimamaji mpya mpaka amemgeuza kichwa na mkia mahali pale pale. Povu likisimama katikati mara zote mbili, kifaa ni kizima. Likihama, kifaa kina kombo. Hapo mwashi hajarekebisha chochote. Amejua tu chombo chake kinasema kweli kwa kiasi gani. Tendo hilo, ambalo halina jina katika kinywa chake, ndilo wataalamu wa leo wanalolitafutia istilahi.

Habari ya “geji”

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Pamoja na mataruma na boila zake, reli ilieneza maneno mengi ya karakana, na miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyokaa ni “geji”. Neno hili leo lina kazi nyingi kuliko lilivyoweza kubeba. Kwa mtu wa reli ni upana kati ya chuma na chuma: milimita 1,000 kwa reli ya zamani, na milimita 1,435 kwa reli mpya ambayo treni zake za abiria zilianza safari kutoka Dar es Salaam mwaka 2024. Kwa dereva ni saa ya mafuta au ya upepo wa tairi. Kwa mnunuzi wa mabati ni namba ya unene, naye huambiwa dukani achague geji 28 au geji 30.

Maana hii ya tatu ndiyo yenye hatari kwetu. Katika mabati, namba ikipanda unene hushuka: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Basi mfasiri akiandika “geji ya unene”, mwanafunzi aliyekulia dukani atafikiri namba inayotokea kwenye kioo ni ya mabati, na kwamba namba kubwa ni dalili ya chuma chembamba. Chombo chetu husoma milimita moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo tunaona “kipimaunene” ni jina lililo wazi zaidi. Limeundwa kwa njia ile ile iliyotupa kipimajoto na kipimamvua, ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Ikilazimu kutaja aina yake, tutasema “kipimaunene cha mwangwi”. Kutaja kwamba sauti haisikiki si lazima katika jina. Mwangwi watosha kukitofautisha na kalipa.

Vyombo vya taifa na lugha yao

Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na Kiunguja cha mjini kikafanywa msingi. Katika maana tuliyoieleza hapo juu, Kiunguja kilikuwa kigezo, na maandishi ya vitabu vya shule yaligezwa kwacho. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa kwa Sheria Namba 27, na kuanzia mwaka 1974 orodha zake za istilahi zikatolewa katika Tafsiri Sanifu. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Viwango, ambayo kwayo lilizaliwa Shirika la Viwango Tanzania, na mwaka 1982 ikapitishwa Sheria ya Vipimo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Wasomaji wataona kwamba kazi ya kusanifisha maneno na kazi ya kusanifisha vipimo zilikwenda pamoja kwa miaka mingi. Hata hivyo, kila ofisi ilichagua neno lililofaa shughuli yake. Wakaguzi wa mizani na pampu za mafuta walishika “kuhakiki”. Shirika la Viwango lilishika “ugezi”, na likaiita maabara yake kwa jina hilo. Mafundi wa karakana, ambao hawakuulizwa na mtu, walisema “kurekebisha”, na vijana wao sasa husema “kukalibreti”. Hapakuwa na ugomvi, kwa sababu ofisi hizo hazikukutana katika karatasi moja. Maelekezo ya kipimaunene yanazikutanisha, kwani ndani yake matendo yote matatu hufuatana.

Vitenzi vitatu

Kurekebisha ni kubadili kitu kilichopotoka ili kikae sawa. Mtumishi wa serikali anajua marekebisho ya sheria: baada yake sheria si ile ya jana.

Kuhakiki ni kuchunguza kama kitu kinatimiza masharti yaliyowekwa, na kukitolea hukumu. Mwalimu ahakikiye riwaya haiandiki upya. Mkaguzi ahakikiye mizani huipima, kisha huipitisha au huikataa.

Kugeza ni kukilinganisha chombo na kitu ambacho thamani yake inajulikana kwa uhakika, ili kupata uhusiano kati ya kile ambacho chombo kinasema na kile kilicho kweli. Huenda baada ya kugeza tukarekebisha, na huenda tukaandika tu tofauti iliyoonekana. Msamiati wa Kimataifa wa Metrolojia, uliotolewa kwanza mwaka 1984 na kufikia toleo la tatu mwaka 2008, unaonya wazi kwamba kugeza kusichanganywe na kurekebisha wala kuhakiki. Kiswahili hakina haja ya kuazima onyo hilo, maana vitenzi vitatu tayari anavyo kila msomaji.

Sasa tutazame madhara ya kuvichanganya. Fundi akiambiwa “rekebisha kipimaunene kabla ya kupima”, atatafuta kitufe. Mbele yake lipo tangi ambalo mchoro wake wasema bamba lilikuwa milimita 8 lilipotoka kiwandani. Chombo kinasoma 7. Atabonyeza mpaka isome 8, na ataamini ametii. Kwa hakika amekifundisha chombo kusema uongo, kwa kuwa milimita iliyopungua huenda ndiyo iliyoliwa na kutu. Angaliambiwa “geza”, neno lenyewe lingalimuuliza: kwa kigezo gani? Naye angalitafuta kipande cha kugezea, asingaligusa tangi kwanza.

Maelekezo katika Kiswahili

Ili tusiishie katika nadharia, tunaeleza hapa hatua za kazi kwa istilahi tunazozipendekeza.

Kwanza fundi huchagua kipande cha kugezea. Kipande hiki kimechongwa mfano wa ngazi, kila daraja likiwa na unene uliopimwa na kuandikwa, nacho hakina budi kuwa cha metali ile ile ya kitu kitakachopimwa. Chombo kilichogezwa kwa alumini, ambamo sauti huenda mita 6,300 hivi kwa sekunde, kikipelekwa kwenye feleji ya milimita 10 kitasoma karibu 10.7.

Pili hupaka jeli au grisi juu ya daraja. Hewa kidogo ikibaki kati ya kichwa na chuma, sauti haipiti.

Tatu hugeza kwa madaraja mawili, moja jembamba kuliko kitu kitakachopimwa na moja nene kuliko hicho. Daraja jembamba huonyesha kosa la mwanzo wa kuhesabu; daraja nene huonyesha kosa la mwendo wa sauti. Hapo ndipo kurekebisha kunapopata nafasi yake halali: chombo hurekebishwa mpaka kisome sawasawa madaraja yote mawili, na daraja la tatu la katikati hutumika kuthibitisha.

Nne hupima. Mahali pa kupimia huparuliwa kutu inayobanduka, na kipimo huchukuliwa zaidi ya mara moja, kwa sababu kutu huchimba vishimo na haili chuma kwa usawa.

Tano hurudi kwenye kipande cha kugezea kazi ikiisha, na katikati ya kazi ikiwa ndefu. Kikionekana kimepotoka, vipimo vyote vilivyochukuliwa tangu ugezi uliopita havina budi kurudiwa.

Kuhakiki huja mwisho, na mara nyingi si kazi ya fundi huyo. Mkaguzi huchukua namba zilizopatikana, huzilinganisha na unene mdogo kabisa unaoruhusiwa, kisha hutoa idhini au huizuia.

Yapo mambo matatu ambayo mfasiri asiyafupishe hata akikosa nafasi. Rangi: sauti huenda polepole katika rangi, chini ya nusu ya mwendo wake katika feleji. Chombo kinachosoma mwangwi mmoja tu kikiwekwa juu ya rangi ya nusu milimita huongeza zaidi ya milimita moja. Bamba la milimita 5 litaonekana limepita 6, na kama mwisho wa kuruhusiwa ni 6, tangi bovu limepewa cheti. Joto: kila chuma kikizidi joto kwa nyuzi 55 hivi za selsiasi, mwendo wa sauti hupungua kwa asilimia 1, muda wa mwangwi hurefuka, na bomba la mvuke huonekana nene kuliko lilivyo. Wembamba: bamba likiwa chini ya milimita moja hivi, baadhi ya vyombo hukosa mwangwi wa kwanza na kuhesabu wa pili, vikasoma unene maradufu. Ndiyo sababu bati la geji 30 hupimwa kwa maikromita.

Msomaji atambue kwamba makosa yote matatu huelemea upande mmoja. Yote huongeza unene ambao haupo. Chombo kisichogezwa vema huwa na tabia ya kusifu, na katika mambo ya chuma kinachobeba mvuke, mwenye kusifu ni adui.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba istilahi za kipimaunene hazihitaji kubuniwa upya. Kupima kumetoka baharini, kugeza kumetoka kwa mafundi, kuhakiki kumetoka katika fikra ya haki, na njia ya kuunda jina la chombo tunayo tangu kipimajoto. Kilichokosekana ni kuvigawia vitenzi kazi zake.

Jambo hili lina haraka yake. Kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, kilitaka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Na mwaka 2006 Jumuiya hiyo ikatunga sheria ya viwango, ubora, metrolojia na upimaji. Cheti cha ugezi kilichotolewa nchi moja hutarajiwa kuaminiwa katika nchi nyingine. Hakitaaminiwa ikiwa neno “ugezi” Arusha maana yake ni kulinganisha, na Kisumu au Bujumbura ni kutengeneza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Walimu wa vyuo vya ufundi wafundishe vitenzi hivi vitatu siku moja na kwa mfano mmoja, kwani pimamaji la mwashi latosha. Wafasiri wasitumie “kurekebisha” ila pale ambapo kitu kinabadilishwa kweli. Na ofisi zitoazo vyeti ziandike katika kila cheti chombo kimegezwa kwa kigezo gani na tarehe gani, ili asomaye aweze kuuliza swali la pili: nacho kigezo hicho kimegezwa kwa nini? Swali hilo hurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kipande cha karakana hadi maabara ya taifa, na kutoka hapo hadi mita yenyewe, ambayo tangu mwaka 1983 hufafanuliwa kwa mwendo wa nuru. Kila hatua yahitaji chombo kilicho sahihi na neno lisilo na maana mbili.